Chumba 214

Mwezi mzima wa kwanza niliitwa Bado.
Jina: Dagny Halvorsrud.
Kwao: Dakota ya Kaskazini, mashamba ya viazisukari.
Fani: Bado.
Neno pole hilo. Halikatai, halikubali,
limesimama mlangoni na viatu mkononi.

Ukumbi wa mpira wa vikapu ulijaa meza,
kila idara na chambo chake.
Wanajiolojia waligawa vijiwe,
wahasibu, kalamu nzuri kuliko zote,
na wanafalsafa hawakuwa na kitu
ila kijana mmoja mwenye soksi mbili tofauti
aliyeniuliza kama nina hakika nimefika.
Nilichukua kila kilichochukulika.
Pakou, mwenzangu wa chumba, alicheka mifuko ilivyotuna.
Yeye alijua tangu darasa la nne: uuguzi.
Saa yenye mshale wa sekunde alishanunua.

Bwana Tesch, mshauri wangu, alikuwa na samaki mmoja katika bakuli
na chati iliyojaa mishale.
"Unapenda nini?"
Hesabu, nikasema, kiasi.
"Unachukia nini?"
Viazisukari.
Hilo hakuliandika.
Akaniweka uhasibu, kwa muda tu,
kama mtu anavyotundika koti kwenye msumari ulio karibu.

Uhasibu ulikuwa chumba 241.
Jumanne moja, theluji ya kwanza, miwani imeshika ukungu,
nikaingia 214
na nikaona haya kutoka.
Dakta Ibarra, mwanamke mfupi, alizima taa.
"Sikilizeni chakula cha jioni," akasema.
Ikaja sauti ya familia mezani: sahani, kiti kikiburutwa,
mtoto akasema jambo, wote wakacheka.
Kisha akabonyeza kitufe, na konsonanti zikaanza kudondoka,
s kwanza, halafu f, halafu t,
zikabaki irabu zikining'inia
kama nguo kwenye kamba, hazina watu ndani.
"Hivi ndivyo asikiavyo
mtu aliyekalia injini miaka thelathini."

Baba yangu hucheka wa mwisho.
Hucheka akitazama nyuso.
Mama alikiita kiburi cha Wanorwe.
Mimi nilikuwa na jina langu, sikumtajia mtu,
tangu siku ile ghalani, nina miaka kumi na miwili,
nilipomwambia nimeshinda mashindano ya tahajia
naye akanijibu, "Ndiyo, ufunge."

Nilikaa hadi taa zikawashwa. Koti sikulivua.

Usiku nikampigia. Ni mavuno, yuko zamu,
malori yananguruma nyuma yake.
"Baba, huenda nimepata fani."
"Umempata nani?"
"Fani, Baba."
"Nani?"
Zamani ningekata simu.
Nikapunguza mwendo, nikaipuliza ile f
kama mtu anayepoza supu,
Pakou akajifunika mto kichwani.
"Nani?" akauliza tena,
na safari hii nikausikia woga wake,
woga wa mtu mzima aliyezoea kubahatisha.
Nami jibu la nani sikuwa nalo.
Nikasema kwa sauti, "Theluji imeanza huku!"
"Na huku!" akadaka, papo hapo, kwa furaha.
"Viazi vitaganda!"

Fomu ilirudishwa Ijumaa. Sitaki kudanganya:
sikuandika sayansi ya usikivu.
Inataka fizikia, nami fizikia tumeachana vibaya.
Uhasibu niliuacha, kalamu yao nikabaki nayo,
ila kwenye ule mstari nilitumia penseli:
bado, kwa herufi ndogo.
Nikamwomba Bwana Tesch Jumanne, saa nne, chumba 214.
Akauliza kwa nini.
Samaki akazunguka mara moja, akazunguka tena.
Nikasema kuna kitu nimekisahau mle.