Mabomba ya Shangazi Mbuke

Alinichorea nyuma ya ankara ya maji:
maduara matano, na mshale mmoja kuelekea ziwani.

La kwanza, Makoroboi: limebaki shina la chuma,
fundi saa amelifungia mwavuli.
La Mabatini sikuliona. Nikauliza,
nikaonyeshwa kibanda cha miamala.

Igogo, kati ya mawe mawili,
sakafu ya saruji ina vishimo vya mviringo:
vitako vya ndoo, miaka na miaka,
vimejichimbia zamu.
Nikasimama kwenye kishimo cha tatu.
Hapa, alisema, aligombana na Limi
kwa ndoo moja tu,
hawajasalimiana hadi leo.

Nikafungua koki.
Ikakohoa, ikatema kutu,
kisha buibui.

Na ziwa lote lilikuwa pale chini, likimeremeta
kana kwamba halihusiki.