Neno la Kwanza

Ulimi wa Maimu, mke wangu, haukuwahi kulala.
Dukani, foleni ya mkate ilikuwa baraza lake;
kanisani alimnong'oneza jirani hadi kwenye Amina;
usingizini alinigombeza kwa majina ya kaka zangu.

Mwezi Machi, huku Alutaguse,
wakata magogo walivunja pango bila kujua.
Dubu jike akakimbia, hakurudi.
Alichokiacha wakatuletea ndani ya kofia ngumu ya kazini:
kitoto kizito kama mikate miwili,
macho ndiyo kwanza yafunguke,
kinanyonya kidole cha glavu
na kunguruma kama pikipiki iliyo mbali.

Tarvo, kijana wa wanyamapori kutoka Tallinn,
akatusomea masharti akiwa hajavua buti:
asisikie sauti ya mtu.
Asipewe jina.
Koti moja tu, lisilofuliwa, lililolazwa kwenye mboji.
Maziwa yapitie tundu la ubao.
"Mkimpenda kwa sauti mtamuua.
Atakuja kijijini kulitafuta penzi hilo,
na kijijini kuna bunduki."

Nikamtazama Maimu. Nikajua tumeshindwa.

Akanyamaza kama maji mtungini.
Kila saa tatu, usiku na mchana,
aliingia bandani kimya, akatoka kimya,
na alipofika jikoni maneno yakafurika:
anameza hivi, choo chake kigumu, jino limechomoza.
Halafu hata jikoni yakapungua.
Kufikia Mei tulikula tukisikiliza vijiko.

Waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana,
walilea wa kumwita.

Julai tulimletea kichuguu kizima kwa toroli.
Akakifumua, akapiga chafya, akacheka
(sina neno jingine),
kisha akaegemea ukuta kupumzika.
Upande wetu, kidole gumba cha Maimu
kilipapasa ubao palepale ulipo mgongo.
Unene wa ubao ule: inchi moja.

Oktoba. Kilo thelathini. Lango wazi.
Akatoka, akanusa, akageuka,
akaanza kulirudia lile koti.

Ndipo Maimu akaokota sufuria mbili.
Miezi saba, na neno lake la kwanza kwa mtoto yule likawa
"Toka!"
Akagonga. "Toka! Toka wewe, toka!"
Sauti imekwaruza kwa kukosa kazi,
anamkimbiza matopeni, buti moja imebaki nyuma,
hadi vichaka vikamfunika yule dubu
na vyenyewe vikatulia.

Wiki nne hakusema. Muuza duka akaniuliza kama ni mgonjwa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilimwita nje.
Nyayo zilitoka kinamasini,
zikaja hadi hatua mia kutoka uzio wetu,
pale upepo unapofikisha harufu ya moshi wa jiko,
zikasimama,
zikakata kona, sasa ndefu, za mbio.

Maimu akachuchumaa, akapima unyayo kwa kiganja.
"Ametuogopa," akasema. "Ona, Heino. Ametuogopa."
Akalirudia hilo hadi mlangoni,
akalirudia akitenga birika,
kisha akaingia kwenye bei ya mkate, goti la dada yake,
mchungaji anayekula herufi,
na hakunyamaza hata nilipozima taa.