Kipimo cha Ambwene

Nilikwenda Mbeya kufuata vifungo na zipu,
nikarudi Tukuyu na vitabu vitatu
chini ya kitenge, kama mtu aliyeiba mkate.

Pale Mwanjelwa, nyuma ya marobota ya masweta,
muuzaji aliniuliza: "Mtoto wa darasa la ngapi?"
La tatu, nikasema. Akanitolea
kitabu kinene, herufi zimesongamana kama siafu,
picha moja kila baada ya kurasa kumi,
nayo ni ya mtu anayeonya kwa kidole.
"Hiki ndicho chao. Wenzake wote wanakisoma."

Wenzake.
Mimi ni fundi cherehani, kijana.
Miaka kumi na tisa nakata sare za shule
na sijawahi kukata kaptula kwa kuuliza darasa.
Namsimamisha mtoto, nazungusha futi kiunoni,
mwembamba namkunjia, mnene namwachia,
na hakuna aliyetoka kwangu analia
kwa sababu kiuno chake si cha jirani.

Ambwene ana miaka tisa.
Ameniona, ndiyo maana ya jina lake,
lakini jina lenyewe ni mlima: m, b, w,
zimepandana kama mbuzi kwenye lori,
naye akiliandika humshusha mmoja. Abwene.
Zamu yake ya kusoma ikifika darasani
hukohoa.
Kikohozi hicho nakijua, hakisikii tangawizi.
Ila msimamishe shambani kwa bibi yake,
atakuonyesha mgomba wenye ugonjwa
kabla mwenye shamba hajashtuka,
kwa jani tu, akiwa ng'ambo ya mfereji.

Basi nikachambua, meza nzima.
Chenye mpira na kikombe na paka: hapana,
mdogo wake wa chekechea anacho, atamcheka.
Chenye swali mwishoni, Hadithi hii inatufundisha nini:
hapana, maswali anayo ya kutosha.
Nikachukua cha fundi baiskeli,
sentensi moja kila ukurasa, na spana zimechorwa vizuri.
Nikachukua cha ng'ombe aliyegoma kuvuka daraja.
Cha tatu kilikuwa cha mvua,
neno moja hapa, neno moja kule,
kurasa nyingine kimya kabisa.
"Mama, elfu nne kwa kitabu kisicho na maneno?"
Nimenunua upindo, nikamwambia,
kitambaa cha kuachia.
Hakunielewa. Alinirudishia chenji pungufu, sikugombana.

Jioni hiyo ilinyesha, kama kawaida yetu.
Aliingia chini ya meza ya kukatia,
akakalia vipande vya gabadini.
Mimi nikakanyaga cherehani.
Nikagundua mguu wangu ukisimama
naye husimama.
Ukienda, chini ya kelele ile nasikia:
ng'o, mbe. Ng'ombe. Ha-ta-ki.
Halafu kicheko, cha pua.

Uzi ulikuwa umeisha kwenye bobini.
Sikuubadilisha. Nilishona hewa
hadi chai ikapoa, ikafanya ngozi juu.

"Shangazi, hii mvua ni ya wapi?"
Kwa nini?
"Milima yote inaonekana. Mvua gani haina ukungu?"
Nikasema sijui, labda mchoraji hakufika kwetu.
Akanyoosha mkono juu ya meza bila kutokeza kichwa,
akapapasa, akapata chaki yangu ya kuchorea suruali,
akailaza ubavu, akasugua ukurasa
hadi mlima ukapotea, na nusu ya nyumba,
na miguu ya mtu mwenye mwavuli.
Kisha chini yake, kwenye ile nafasi tupu,
polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo,
akaandika neno ambalo kitabu hakikuwa nalo:

*ukugu*

N moja imebaki nje, inalowa.
Nilimwona anainua uso kunitazama,
koo limeshajiandaa kukohoa.

Mshono wa kwanza hupigwa bandi, haukazwi.
Nikamwambia, kweli, hivyo ndivyo kulivyo huku kwetu,
nikarudisha mguu kwenye kanyagio.