Chupa Namba Kumi na Saba

Chake Chake, saa nne. Umeme umerudi.
Nachuja maji ya kisima cha Kiuyu,
tone dogo, sindano, bonyeza.

Ndani ya mshipa wa mashine
wanaachana waliokuja pamoja:
floraidi, mwepesi wa kuaga,
kloraidi, naitreti,
salfeti mzito wa mguu, wa mwisho mlangoni.

Kwenye skrini kloraidi anapanda,
anapanda,
anatoboa dari ya grafu.

Nayarudia. Nayazimua mara kumi. Yule yule.

Bi Mgeni, aliyenijazia chupa hii,
alisema tangu Mfunguo Nne:
"Chai yangu siku hizi hainywiki, mwanangu."
Nikamwambia tusubiri kipimo.

Sasa nanakili ulimi wake
kwa desimali mbili.