Mlinzi wa Langoni

Chumba hiki cha Langoni
nyuma ya duka la Shani,
seva ipo kabatini
joto inavumilia.

Ni moja, si mbili, moja:
wanane wanaingoja,
kila mmoja na hoja
na haki ya kutumia.

Wauguzi Mkomani,
chanjo zimo daftarini,
karo za shule Wiyoni,
zote humu hutulia.

Na tikiti za Mokowe,
muuza chokaa, mawe,
Bi Barke na wageniwe
vyumba awahifadhia.

Mwezi wa Saba, usiku,
ikafa kifo cha kuku,
wala sina dukuduku,
ndani nimejilalia.

Asubuhi ndipo zogo:
mama na mwana mdogo
karudi, kapa kisogo,
chanjo hakuifikia.

Akasema Bwanaheri:
"Mgonjwa bila habari
mwisho wake ni kaburi;
mlinzi nakutilia."

Katia programu yake,
kila sekunde iweke
mapigo ya moyo wake,
joto, na pumzi pia.

Na skrini ikapendeza,
kijani kikiteleza,
nami nikajipongeza,
kahawa najitilia.

Haukwisha Mfungo Pili,
kaja Bi Barke mkali:
"Jina moja, chai mbili
nanywa nikisubiria!"

Na nesi kapiga simu:
"Dada, foleni ni ngumu,
jina laja kwa awamu,
watoto wote walia."

Nikaketi, nikapima:
ni nani anayehema
hadi wenziwe kukwama,
nafasi kaivamia?

Si zahanati, si shule,
si boti za ng'ambo ile;
ni yeye, mlinzi yule,
mezani amejilia.

Robo nzima ya nafasi
ala yeye, na kwa kasi
aandika zake kesi,
diski akaijazia:

"Saba na nukta: salama.
Nukta ya pili: salama.
Nukta ya tatu: salama."
Kurasa elfu na mia.

Apima joto la chumba,
joto ndiye aliumba,
kisha aja kujigamba:
"Moto nimewaambia!"

Hasira, nikamfuta;
seva ikajikung'uta,
majina kama mafuta
kwa nesi yakaingia.

Bali sikupata lepe;
usiku wangu mweupe,
si kwa mbu wala kwa kupe,
feni naisikizia.

Feni ikipunga, hai.
Ikinyamaza, sijui.
Mlalaji hatambui
mwizi akimwingilia.

Kulipokucha, dukani
Shani kashika mizani,
ukwaju na zafarani
wateja awapimia.

Hapimi punje kwa punje
wateja wakingoja nje,
wala hataki apunje;
hupima, akaachia.

Nikamwita kwa sharuti:
mlango wa nje aketi,
aulize kwa wakati,
dakika zikitimia

tano, kama za mkono;
afupishe na maneno;
yakiwa sawa, si neno,
kalamu kuifungia.

Chakula chake, kijiko,
si sinia wala mwiko;
hata hicho ni cha jiko
la wanane kuchangia.

Bwanaheri anacheka:
"Dakika tano ni mwaka!
Seva itaja anguka
na wewe ukisinzia."

Labda. Sina la kujibu.
Kila uchao hesabu
naipiga kwa taabu:
macho nayo hutumia.

Jana yule mwana kaja,
nesi kabonyeza moja,
jina lake likangoja
kabla yeye hajalia.