Nani Kashika Kamera

Saa tatu usiku, Vingunguti, kwa mama Sikudhani:
kochi moja, watu saba, feni imegoma.
Kwenye luninga mzungu ananing'inia kwa kamba
katikati ya mwamba na wingu,
na mtafsiri wa Kiswahili anahema kwa niaba yake.
Chini ya miguu, anasema, futi mia tisa za hewa.
Mbele, pango ambalo binadamu hajalikanyaga
tangu lilipozibwa mdomo.

"Mwongo," anasema Mkumbaru.

Tunamnyamazisha. Hanyamazi.
"Kama hajafika mtu,
huyu anayempiga picha kutokea ndani
ni jini?"

Mkumbaru anachimba vyoo.
Buguruni, Kiwalani, hadi huko Gongo la Mboto,
ana haki ya kusema juu ya mashimo
kuliko sisi tunaoyajua kwa juu tu.
Mwaka wa mvua zile mchanga ulimlalia hadi kifuani.
Wakamtoa kwa beseni na mikono.
Jioni akadai ujira, wakaukata:
shimo halijaisha.

Sasa yule wa mwamba kaingia.
Muziki unatetemeka, nge anapita.
Anapiga magoti, anatoa brashi
(brashi! ya kupaka rangi kucha!)
anapangusa kigae
kama anayemfuta mtoto matongotongo.
"Miaka elfu mbili," ananong'ona, machozi yanamlenga.

Mkumbaru kimya.
Halafu, polepole, kama anayekiri deni:
"Vya hivyo mimi nimevirusha juu kwa chepe."
Vigae vyenye michoro ya kucha. Ushanga.
Mara moja kijiko kilichopinda,
mara moja kitu alichokifukia tena,
hataki kusema nini.
Mwenye nyumba alimwambia:
chimba, bwana, maji yako karibu.

Tunangoja aendelee.
Kule wanafungua jeneza, kifuniko kimeinuka
upana wa kidole
na giza tii. Luku imekwisha.

Mama Sikudhani anapapasa simu yake.
Mtu anacheka. Mtoto anauliza
ndani mlikuwa na nani.

Mkumbaru kesha simama. Alfajiri ana shimo Kipawa,
futi kumi na tano, udongo mbaya, kamba ya katani.
Anatafuta ndala zake mlangoni kwa vidole vya miguu.
"Brashi," anasema tena, safari hii bila dharau.
"Hivi inauzwa bei gani?"