Mshauri Juu ya Gunia

Alikuja Jumatatu, viatu vyake vina tope la Kadutu,
bila tai, bila kompyuta, bila gari,
na mimi niliyekuwa nimetandika kitambaa mezani
kama mtu anayemngoja mkwe
nikajisemea: Nabintu, umeibiwa.

Mtaa mzima ulikuwa umeshanionya.
Mama Cikuru wa maharage: hao ni watu wa makampuni,
wa kiwanda cha bia, si wa tanuri la matofali.
Shemeji Bahizire, akimeza mkate wangu wa bure:
ataichukua siri ya hamira yako aipeleke Uvira,
na wewe utabaki na moshi.
Na mwanangu Arsène, aliyesoma:
atakwambia jua linachomoza upande wa Rwanda, Mama,
kisha atadai pesa.

Nami moyoni nilikuwa na langu, baya kuliko yote:
kwamba anayemwita mshauri amekwisha kushindwa,
kama anayemwita padri usiku.

Hakunishauri kitu.
Alikaa juu ya gunia la unga siku tatu, akihesabu.
Alihesabu kuni zikishuka migongoni mwa wabebaji.
Alihesabu wanawake wanaopanda na mabeseni kwenda Nyamugo,
wanarudi saa ngapi,
nini kimebaki chini ya kitambaa.
Alipima madonge ya Mushagasha,
mkandaji wangu wa miaka tisa, mkono wake mwema:
gramu ishirini zaidi kila mkate,
kwa huruma tu.

Siku ya nne akauliza:
"Mkate mmoja unakugharimu faranga ngapi?"
Nikacheka. Nikafungua mdomo nijibu.
Mdomo ukabaki wazi kama tanuri.

Miaka kumi na minne nauza kitu nisichokijua.
Bei ya kukiuza, ndiyo, naitaja hata usingizini.
Lakini bei ya kukizaa?

Tukaandika nyuma ya daftari la jiografia la Arsène:
unga, hamira, mafuta, kuni, ushuru wa soko,
mikopo ya Shemeji (ukurasa mzima),
mvua ya saa kumi inayolowesha beseni.
Tulipofika kwenye mkate wa maziwa,
ule aliouanzisha marehemu mume wangu,
ule ambao wenye harusi za Ibanda hutuma gari kuuchukua,
kalamu ikasimama.
Kila mmoja ulikuwa unanila faranga mia na hamsini.

Hakusema niuache. Ningemfukuza.
Alisema tu, akikung'uta unga kwenye suruali:
"Sasa unajua unamlipia marehemu kiasi gani.
Ukitaka kumlipia, mlipie.
Lakini kwa kujua."

Nikaenda nyuma ya kuni.
Niliporudi nilisingizia moshi,
naye, mtu wa kuhesabu kila kitu,
hilo hakulihesabu.

Siku hizi naupika Jumamosi peke yake, na bei imepanda,
na magari ya harusi bado yanapiga honi pale chini.

Alikosea pia, niseme ukweli.
Alitaka nihamie Nyawera, kwenye lami.
Nikamwambia: Nyawera wananunua mkate mzima mara moja,
kisha wanasafiri. Kadutu wananunua nusu,
lakini asubuhi nusu na jioni nusu,
hata siku ya msiba.
Akafikiri. Akaufuta mstari wake.
Hapo ndipo nilipomwamini.

Malipo yake yalikuwa magunia mawili ya unga.
Shemeji husema niliyatupa ziwani.
Muujiza uko wapi? huuliza. Mbona hukujenga ghorofa?
Sikujenga. Ila sikopi tena unga kwa kununua unga,
na Mushagasha ana mizani, anainung'unikia kama mke mwenza.

Jana Shemeji alikuja tena, mkono umeshanyooka.
Nikampa mkate, na daftari, na kalamu:
"Andika mwenyewe."
Akausoma ukurasa wake juu hadi chini,
akitafuna polepole sana.